Blanketi la Mahari Juu ya Maboga

Mama mkwe wangu na mimi tuliishi nyumba moja Villawood, Sydney, kwa zaidi ya mwaka, na muda wote huo tulikuwa hatujasemeshana zaidi ya salamu. Asubuhi nilisimama nje ya mlango wa jikoni, nikaangalia pembeni, nikasema, "Shikamoo mama." Yeye akiwa ndani, mgongo kwangu, akajibu, "Marahaba baba." Basi. Kazi ya siku nzima tulikuwa tumeimaliza. Akitoka sebuleni naingia mimi, nikitoka mimi anaingia yeye, kama walinzi wanaopokezana lindo.

Hatukuwa na ugomvi hata kidogo. Ile ilikuwa heshima. Kwao ni Makete, kwenye milima ya kusini ambako watu wanavaa makoti mchana kweupe, na huko mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Hali naye meza moja, hamkazii macho, hagusi nguo yake hata ikidondoka chini, na akiwa na shida naye hutuma mtu. Kwetu Tanga mkwe anaheshimiwa vilevile, ila sisi wa pwani tunaheshimu huku tunaongea. Wao wanaheshimu kwa kunyamaza. Mshenga wangu alinieleza yote haya kabla sijaoa, nikayakubali kwa moyo mkunjufu, maana mama mkwe alikuwa Makete na mimi nilikuwa Sydney. Sharti rahisi kuliko hilo ningelipata wapi?

Basi korona ikanijibu. Mama mkwe alikuja mwanzoni mwa mwaka ule wa kwanza kumlea binti yake aliyekuwa amejifungua. Alikuja akae miezi michache, amkande mzazi, amzoeshe mtoto mgongoni, arudi kwake. Hata hajamaliza kushangaa jinsi maduka yalivyo makubwa, mipaka ikafungwa na ndege zikafutwa. Tukawa watu wazima watatu na mtoto mchanga ndani ya vyumba viwili na choo kimoja. Jaribu kutomkaribia mama mkwe kwenye nyumba yenye choo kimoja, ndipo utaijua heshima ni kazi.

Mtu wetu wa kutumwa alikuwa mke wangu. Yeye ni nesi, na miaka ile wodi ilimmeza kabisa. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisini kwenye kampuni ya mizigo, nikahamishiwa nyumbani, kompyuta nimeiweka chumbani juu ya meza ya kupigia pasi. Mama mkwe akiishiwa sukari, alimpigia binti yake hospitali: "Mwambie mumeo sukari imeisha." Mke wangu akipata mapumziko ananiandikia ujumbe. Mimi nilishamsikia mama kupitia ukuta, najua fika kwamba sukari imeisha, lakini nasubiri simu ilie ndipo nivae viatu. Ya ukutani hayakuhesabiwa.

Mwaka wa pili mambo yakawa mazito. Kuliingia majira ya baridi, ugonjwa ukarudi kwa nguvu upande wetu wa mji, tukafungiwa tena, safari hii kwa ukali. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya Fairfield, jirani yetu, kama vile tumeiba kitu. Katikati ya hayo, habari ikaja kutoka Makete kwamba mdogo wake mama mkwe amefariki, yule aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Wakamzika bila yeye. Alitazama maziko kwenye simu, picha ikikatika kila dakika, mpaka wakati wa kufukia kaburi ikakatika kabisa, na iliporudi watu walikuwa wameshaanza kutawanyika.

Tangu siku hiyo aliacha kukaa jikoni. Mtoto alimbeba, alimwogesha, alimwimbia, halafu akamrudisha kwa mama yake na kulala akiwa ameelekea ukutani. Chakula kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Niliogopa. Mimi si mtu wa kuogopa kimya kimya, nikiogopa nagomba, kwa hiyo nilikuwa nagombana na kompyuta, na birika, na mtangazaji wa habari. Mke wangu alikuwa analia bafuni akidhani sisikii.

Kilichomwinua ni boga. Mke wangu alipita sokoni Fairfield akitoka kazini akaja na nusu boga, lile la ganda la kijivu. Kesho yake nilikuta mbegu zimeoshwa, zimetandazwa juu ya gazeti dirishani penye jua. Jioni mke wangu akaninong'oneza, "Mama ameuliza kama nyuma ya nyumba pana udongo."

Udongo ulikuwapo, chini ya nyasi ambazo mwenye nyumba alitaka zikatwe tu. Niliagiza jembe, likaletwa, mama mkwe akaligeuzageuza, na baada ya muda simu yangu ikalia. Mke wangu ameandika: "Mama anasema hilo ni la watoto kuchezea." Nikaagiza lingine. Hilo halikuletewa ujumbe, nikajua limekubalika. Kupitia dirisha langu nilimwona akilima huku mjukuu yuko mgongoni, anapumua mawingu, na mwezi ule nilifanya hesabu za mizigo kwa furaha kuliko mwaka mzima.

Alikuwa na hesabu zake. Kwao baridi ni ya Juni na Julai. Agosti ikielekea ukingoni watu wanavua makoti na kuandaa mashamba, na kwa bahati Sydney nayo baridi yake inaangukia miezi hiyohiyo. Kwa hiyo alipoona jua la Agosti limeanza kuchoma, akahamishia miche nje: maboga, kunde, na mistari miwili ya mahindi. Jirani yetu, mzee wa Kiiraki, alitikisa kichwa juu ya uzio na kuonyesha miche yake ambayo bado ilikuwa ndani ya vikopo barazani. Mama mkwe akamjibu kwa kutikisa kichwa vilevile, kwa adabu, akaendelea kupanda.

Jioni hiyo nilimsikia akiongea na binti yake kwenye simu, kupitia ukuta ule ule ambao hauhesabiwi. "Nikila majani ya maboga niliyopanda mwenyewe, nitaweza kungoja," alisema. "Nisipoyala sijui, mwanangu. Nimechoka na hii nchi. Nimechoka mpaka mifupa." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuomba Mungu ayatunze maboga ya mama mkwe, ombi ambalo sikuwahi kudhani nitaliomba.

Sasa nieleze ujinga wetu.

Siku chache baadaye simu yangu ikatangaza kuwa usiku huo maeneo ya magharibi kutakuwa na sakitu. Neno hilo nililijua kwa kulisoma shuleni tu: umande unaoganda. Tanga hakigandi kitu, labda kitu kilichosahauliwa kwenye friji. Lakini niliposoma kwamba mimea michanga hufa, nikaelewa. Nikafanya nini? Nikamwandikia mke wangu, ambaye alishaingia kazini: "Mwambie mama usiku kutaganda, afunike mboga." Nikakaa kusubiri.

Wakati huohuo, dirishani, nilimwona mama mkwe amesimama bustanini. Anatazama juu, mbingu nyeupe haina hata wingu. Akalowesha kidole akakiinua, hakuna upepo. Akainama akaweka kiganja kwenye udongo. Kisha akatoa simu. Nikajua naye amejua. Alisikiliza, akaacha ujumbe mfupi wa sauti, akairudisha simu kwenye kibwebwe. Akaingia ndani, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mimi nimesimama dirishani chumbani. Wote wawili tunatazama maboga yaleyale, kila mmoja akisubiri ruhusa kutoka kwa mtu ambaye simu yake ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi.

Tulisubiri hivyo hadi giza likaingia na kila mtu akaenda kulala.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Jua lilipozigusa zikameta, zikapendeza sana, nami nilizichukia. Maboga yalikuwa yamelala chini, meusi, yamelegea kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Kunde na mahindi hata havikuonekana vilikuwa wapi. Mama mkwe alisimama pale kwa kitambo, halafu akaingia chumbani kwake bila kujibu salamu yangu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mke wangu alirudi kutoka zamu, akafungua simu akiwa bado ndani ya gari, akakuta jumbe mbili. Aliingia na viatu. Akasimama kwenye ujia, katikati ya milango yetu miwili, akacheza sauti ya mama yake kwa nguvu: "Mwambie mumeo usiku utaganda, atoe mashuka." Halafu akasoma wangu, pia kwa nguvu. Kisha akaanza.

"Ukuta mmoja!" alisema. "Mmetenganishwa na ukuta mmoja wa mbao! Mimi nipo wodini nimevaa plastiki toka kichwani hadi miguuni, nashindwa hata kunywa maji, na ninyi mnapitishia habari za maboga hospitali? Seriously?"

Nikajaribu kujitetea kwamba mila ni za kwao, mimi mtu wa Tanga nafuata tu.

"Ndiyo," akasema, "na ulipoambiwa ulifurahi."

Yale maneno yalitupata sote, kila mtu na mlango wake, na mtoto akaamka akaanza kulia kwa niaba yetu.

Mama mkwe akarudi kitandani. Chakula kikaanza tena kurudi. Mke wangu akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akajibiwa kuwa mhunzi mwenyewe amezeeka. Mimi nikajipa kazi ya kung'oa miche iliyokufa ili asiione akichungulia dirishani. Ndipo nilipogundua kuwa mmoja haujafa. Ulikuwa umejibanza karibu na nyumba, pale ambapo tangi la maji ya moto limefungwa ukutani kwa nje. Lile joto kidogo linalovuja pale lilikuwa limeutosha. Jani moja lilikuwa limeungua ukingoni, mengine mazima kabisa, yana vinyweleo vyake.

Nikamkimbilia mke wangu. "Mwambie mama, kuna mmoja umepona!"

Alikuwa amelala na mkono juu ya macho. "Mimi si posta," akasema. "Nenda kamwambie."

Sikuthubutu. Naandika hivi nikicheka, lakini sikuthubutu kweli. Nilichofanya ni kuchukua kigoda alichokuwa akikalia akichambua mboga, nikakiweka kando ya ule mche, mahali ambapo angekiona kutoka dirishani kwake. Kisha nikarudi kwenye meza yangu ya pasi. Hakutoka siku hiyo. Kesho yake jua lilipokuwa kali nilisikia mlango wa nyuma, nikachungulia, nikamwona ameketi kwenye kigoda, mtoto yuko mapajani, anamwonyesha mjukuu wake jani kwa kidole.

Mbegu zilibaki, akazipanda zote. Safari hii alizilea ndani muda mrefu zaidi, kwenye vikopo vya mtindi, kama yule mzee wa Kiiraki. Alipozihamishia nje Septemba ikiwa imeshakolea, alimpigia binti yake, na nadhani alipaza sauti makusudi. "Hii ni mara ya mwisho. Zikifa hizi, sishiki jembe tena. Nitalala ningoje ndege, na ndege ikichelewa, basi." Ukuta ule sasa ulikuwa unahesabiwa, nami nikasikia kila neno.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mimi nikawa natazama hali ya hewa kila baada ya muda kidogo, kama watu wengine walivyokuwa wakitazama idadi ya wagonjwa. Siku zilikuwa za joto, watu wanapita barabarani mikono wazi, wamefunika pua tu. Nilianza kujicheka. Kisha mwezi ukiwa unakwisha, mchana mmoja mzuri tu, tangazo likaja: usiku huu, sakitu mabondeni, magharibi mwa mji. Villawood yetu ipo bondeni, na bustani ya mama mkwe inashuka kuelekea kwenye uzio wa chini, ambako baridi yote ya mtaa hujikusanya.

Mke wangu alikuwa ameshaondoka. Nilichukua simu, nikaandika "Mwambie ma", nikaishia hapo. Nikaitazama ile simu. Nikaona jinsi itakavyolala ndani ya kabati la chuma hadi alfajiri, na sisi wawili tumesimama kila mtu kwenye pembe yake kama vinyago. Hasira zikanipanda, na kwa mara ya kwanza zilinipeleka mahali pazuri. Nikaitupa simu kitandani, nikatoka nje.

Mama mkwe alikuwa kwenye kamba ya nguo, ile ya chuma inayozunguka kama mwavuli. Alinisikia, akageuka upande mwingine kunipisha, kama kawaida yetu. Sikupita.

"Mama," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto anayebalehe. "Leo usiku kutaganda."

Kamba ikazunguka kidogo ikasimama.

"Najua," akasema, bado amenipa mgongo. "Nimempigia mwenzio, hapokei."

"Hatapokea, mama. Yuko kazini."

Akashika nguzo ya kamba. Nikadhani nimeharibu, nimeharibu kabisa, nikaanza kutafuta njia ya kurudi ndani kinyumenyume. Ndipo akasema, "Basi lete vijiti. Na maji kwanza, tuloweshe udongo jua halijazama. Udongo mkavu haushiki joto."

Nilikimbia. Nilileta mpira wa maji, nikaleta fito za uzio wa zamani, nikaleta na karatasi kubwa la nailoni lililokuja na godoro. Alilitazama nailoni, akatikisa kichwa. "Likigusa jani linaliunguza. Nguo." Nikavua mashuka ya kitanda chetu. Tukachomeka fito, tukatandaza mashuka juu yake kama vibanda, tukabana kingo kwa mawe. Mashuka yakaisha na maboga bado.

"Kwetu tungechoma nyasi mbichi," akasema. "Moshi unalala juu ya shamba, baridi haishuki."

"Hapa ukiwasha moto uani, mama, watakuja zimamoto."

"Waje. Watasaidia kufunika."

Nilichukua muda kuelewa kwamba ametania. Zaidi ya mwaka mzima chini ya paa moja, na sikuwa najua kuwa mama mkwe wangu ni mtu wa utani. Nikacheka mpaka mzee wa Kiiraki akachungulia, akaona tunachofanya, akaingia kwake na kuturushia mapazia mawili ya zamani juu ya uzio.

Mapazia nayo yakaisha. Akaelekeza kidevu kwenye kamba. "Chukua hizo."

Vilikuwa vitenge vyake. Nikasimama. "Mama, hizo ni zako."

"Najua ni zangu. Na maboga ni yangu."

Niliviondoa kimoja kimoja kwa ncha za vidole, uso nimeuelekeza mtaa wa pili, na jasho likinitoka kwenye baridi ile. Kama mshenga wangu angeniona, angekana kwamba ananijua. Halafu, ili nisionekane sina mchango, nikapendekeza tujaze chupa maji ya moto na kuziweka chini ya vibanda. Chupa ya kwanza ya plastiki ilijikunja ikawa kama embe bovu. Mama mkwe alinitazama, mara ya kwanza kunitazama, akasema taratibu, "Weka baridi kidogo kwanza, baba." Zilizofuata zilisimama vizuri, na alizipanga yeye mwenyewe kati ya mashina kama mtu anayelaza watoto.

Ukabaki mstari wa mwisho, ule wa chini kabisa kwenye uzio, na nguo hakuna. Jua lilikuwa linagusa mapaa. Nilianza kuvua fulana. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka amekumbatia blanketi.

Nililitambua. Ni blanketi zito la manyoya lenye picha ya chui milia mkubwa. Nililinunua mimi mwenyewe Kariakoo, kwa sababu kwenye mahari yao, pamoja na vyote vingine, huwapo blanketi la mama. Linapelekwa kwa heshima, linapokelewa kwa vigelegele, na mama akijifunika nalo watu wanajua binti yake ameolewa na mtu. Alikuja nalo Sydney, likiwa limejaza begi kuliko nguo zake. Mtoto hakuruhusiwa hata kulikojolea kwa bahati mbaya.

"Hapana, mama," nikasema. "Hilo la mahari."

"Nani alilinunua?"

"Mimi."

"Ulinipa la nini?"

"Usisikie baridi."

"Sasa nikijifunika nalo usiku huu nikaamka maboga yamekufa, litakuwa limenisaidia nini?"

Hakusubiri jibu. Alinirushia ncha mbili. Blanketi la ukubwa ule halitandazwi na mtu mmoja. Lazima msimame uso kwa uso, kila mtu ashike pembe zake, mlivute, mtazamane ili mlishushe kwa pamoja. Tukafanya hivyo. Na pale, kwa mara ya kwanza, nilimwona mama mkwe wangu usoni vizuri. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa na macho ya mke wangu, na chini ya macho kulikuwa na uchovu wa kutozika ndugu. Nilimpenda ghafla, kama mtu wangu wa damu, nikasikia uchungu kwamba tulipoteza muda wote ule tukiheshimiana.

"Shusha," akasema. Tukashusha. Chui akalala juu ya maboga.

Yeye sasa hakuwa na cha kujifunika. Nilichukua koti langu zito la kazini nikalitundika kwenye kitasa cha mlango wake, nikabisha, nikakimbia. Ujasiri wangu wa siku ile ulikuwa umekwisha.

Alfajiri nilimkuta ameshatoka. Amesimama ndani ya koti langu, mikono imepotelea kwenye mikono ya koti. Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Mapazia ya jirani yalikuwa yamekakamaa kama mabati. Chui alikuwa na barafu kwenye masharubu.

"Shikamoo mama. Tufunue?"

"Marahaba. Bado. Ngoja jua lifike."

Tukangoja. Sikuwahi kulingojea jua namna ile, hata Ramadhani sikuwahi kulingojea lizame hivyo. Niliona koti linatetemeka, na haikuwa baridi peke yake. Nikafikiri: akilala tena kitandani safari hii, haamki. Gari la mke wangu likaingia. Alishuka na barakoa yake bado usoni, akafika kwenye kona ya nyumba, akatuona tumesimama pamoja, mama yake ndani ya koti la mume wake, na akasimama palepale. Aliweka mkono mdomoni juu ya barakoa.

Jua likafika. Mama mkwe akashika pembe zake, nami zangu. Tukainua.

Yalikuwa ya kijani. Yamejikunyata, lakini ya kijani, na chini ya chui palikuwa na harufu ya udongo wenye joto. Tukafunua vitenge, mashuka, mapazia. Pembeni mwa uzio, shuka lilipokuwa limeteleza, kunde zote zilikuwa zimekufa, na mche mmoja wa boga uliogusana na fito ulikuwa mweusi nusu. Iliyobaki ilikuwa hai. Mama mkwe alipiga magoti akapitisha mkono chini ya majani, jani kwa jani, akisema maneno ya kwao ambayo siyajui. Halafu akaanza kulia, kilio cha sauti kabisa, kile cha msibani. Mke wangu akapiga magoti kando yake. Nilielewa kwamba analia kwa ajili ya mdogo wake, na kwamba alikuwa amekihifadhi kilio hicho tangu ile simu ilipokatika. Nikawaachia nafasi, nikaenda kukung'uta blanketi.

Baada ya hapo alikula. Alikula hata kabla majani hayajawa tayari. Yalipokomaa, wakati huo tumeshafunguliwa na watu wanakwenda saluni, aliyapika kwa karanga na kusonga ugali mgumu wa kwao. Nilikaa chumbani nikisubiri sahani yangu iletwe. Badala yake nikasikia akiniita mwenyewe, kwa jina la baba wa mtoto, moja kwa moja.

Mezani palikuwa na sahani tatu. Nikasimama mlangoni kwa mazoea.

"Kwetu mkwe akitaka kula na mama mkwe huleta jogoo," akasema. "Wewe jogoo hujaleta. Lakini ulishika blanketi. Kaa ule."

Nikakaa. Mboga ilikuwa na chumvi nyingi kidogo, nami nilimaliza sahani mbili.

Aliondoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mara tu ndege zilipopatikana. Alipofunga begi lilikuwa jepesi, nikamuuliza blanketi liko wapi. Lilikuwa limekunjwa juu ya kitanda chetu. Doa la udongo kwenye shingo ya chui halikutoka, ingawa tulilifua mara nyingi. "Makete ninayo mengine," akasema. "Hapa Septemba itarudi."

Na kila mwaka inarudi. Inapokaribia, simu inayolia ni yangu. Hampigii binti yake.

"Baba, mbingu ikoje huko?"

Ninatoka uani na simu sikioni, natazama juu. "Nyeupe, mama. Haina wingu."

"Upepo?"

"Hakuna."

"Basi mtoeni chui."

Kutoka jikoni mke wangu anauliza kwa sauti, "Mama anasemaje?" Namwambia. Anakuja huku ananung'unika kwamba siku hizi habari za mama yake mzazi anazipata kwa kutumiwa, na anashika pembe zake mbili.